Kombati za mabakamabaka kwenye baridi kali: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu ni wa mtu anayewinda kulungu wa mkia mweupe huko Minnesota, Wisconsin na majimbo ya jirani, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba, akiwa amekaa kwenye dungu lililofungwa mtini, mita 5 hivi kutoka ardhini, saa tatu au nne bila kujitikisa. (Kulungu huyu si yule wa vichaka vya kwetu, jina tu tumemwazima.) Asubuhi joto huwa kati ya nyuzi 0 na -15 za Selsiasi. Mtu anayepiga koleo la theluji uani kwake akiwa na koti jipya atakuambia koti ni zuri mno. Mwache akae nalo dunguni tangu alfajiri mpaka saa nne, ndipo uje umuulize tena.

Wanunuzi wengi huanza na picha ya mabaka, kwa kuwa ndiyo inayoonekana dukani. Hapa tunaanza kinyume: unyevu, kubanwa, upepo, kelele, na macho ya mnyama baadaye. Mwindaji anayetetemeka hawezi kutulia, na asiyetulia ataonekana hata akivaa gome la mti lenyewe.

Baridi inaanza mgongoni nusu saa baada ya kukaa

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na karibu kila mara koti hulaumiwa bure. Chanzo ni jasho la njiani. Mtu ameegesha gari, amevaa kila alichonacho, amebeba upinde na mkoba, ametembea mita 800 kwenye theluji inayofika kifundoni. Akifika chini ya mti, fulana ya ndani imelowa kati ya mabega na kiunoni, palepale mkoba ulipokuwa umelalia. Maji hayo yakianza kukauka yanakula joto la mwili. Gramu 100 za jasho zinahitaji takriban kilojuli 240 ili zikauke, na mtu aliyekaa tuli hutengeneza kiasi hicho cha joto kwa muda wa dakika 40 hivi. Yaani dakika arobaini nzima mwili unafanya kazi ya kukausha fulana.

Usibishane na mtu juu ya hili. Chukua mizani ya jikoni. Pima fulana ya ndani ikiwa kavu, tembea njia yako ya kawaida na mzigo wako wa kawaida, ivue, ipime tena. Ikiongezeka gramu 20 si neno. Ikizidi 60 au 70, shida iko kwenye mwendo na mavazi ya njiani, na hata ukinunua koti la bei mara mbili utatetemeka vilevile.

Tiba yake ni kutembea ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukitoka garini na dakika tano za kwanza ukajisikia raha, umevaa kupita kiasi. Vaa fulana ya ndani na flisi nyembamba tu (flisi ni kile kitambaa laini cha poliesta chenye manyoyamanyoya). Koti na ovaroli vifungwe juu ya mkoba. Kofia itie mfukoni. Njia ya dakika 15 ipe dakika 30. Ukifika chini ya mti simama dakika kumi zipu zikiwa wazi mvuke utoke, badilisha fulana kama imelowa, ndipo uvae vya juu. Fulana ya akiba ndani ya mfuko wa plastiki haina uzito wa kulalamikia.

Kisha soma lebo. Pamba haitakiwi popote kwenye mwili wako, hata kama nje imechapwa msitu mzima wa mialoni. Fulana ya pamba, jinzi chini ya ovaroli, soksi za pamba, na chupi (hii wengi huisahau), zote zinashika maji na kuyagandisha kwenye ngozi. Tabaka la ndani liwe sufu ya merino ya gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, au poliesta nyembamba. Merino inabaki na joto hata ikiwa na unyevu, na hainuki upesi. Poliesta hukauka haraka zaidi ila siku ya pili hunuka. Anayetoka jasho jingi tungempa poliesta bila kusita.

Umekauka vizuri, lakini saa ya pili baridi inakuingia mwili mzima

Hapa kuna mambo mawili: ama hewa iliyofungiwa ndani ya nguo haitoshi, ama unayo lakini umeibana.

Kinachokutia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Nguo kazi yake ni kuishikilia isitoke. Ukivaa sweta mbili nene chini ya koti linalokubana kifuani, umezikandamiza zote mbili na hewa imetoka. Ndiyo maana mtu huongeza nguo na kuzidi kusikia baridi. Jaribio lake ni rahisi: vaa kila kitu, chuchumaa mpaka chini, halafu nyoosha mikono mbele kama anayevuta upinde. Mgongo ukivutika, au koti likapanda mpaka kiuno kikaonekana, saizi ni ndogo. Koti la juu kwa kawaida linatakiwa kuwa saizi moja zaidi ya ile unayovaa mjini, na unapokwenda kulijaribu nenda na nguo za ndani utakazovaa siku ya kuwinda. Kulijaribu koti la Novemba juu ya fulana ya Julai ni kujidanganya.

Kwa nyuzi -5 hadi -10, mpangilio unaofanya kazi kwa wengi ni huu: ndani merino ya gramu 150–200, juu yake merino au flisi ya gramu 250–300, kisha kizibao au jaketi la kati lenye ujazo, juu kabisa koti na ovaroli visivyopitisha upepo. Ujazo wa kati ukiwa wa manyoya ya bata bukini unakuwa mwepesi na wa joto sana, lakini ukilowa unajikunja na kuwa kama pamba ya mto wa zamani. Ujazo wa nyuzi za poliesta ni mzito kidogo ila unavumilia unyevu. Minnesota ya mwanzo wa Novemba, ambako mvua ya nyuzi 2 inaweza kugeuka theluji kabla ya adhuhuri, sisi tunachagua poliesta. Manyoya tunayawekea Desemba, baridi ikishakauka.

Suruali ya kawaida na koti huacha pengo kiunoni kila unapoinama au kukaa. Ovaroli yenye mikanda ya mabegani huziba pengo hilo na hufunika figo na kifua mara ya pili. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu cha bei, nunua ovaroli nzuri na koti la kawaida, usifanye kinyume chake. Iwe na zipu ndefu pembeni, kutoka kifundoni mpaka juu ya goti angalau, la sivyo kila safari utavua buti.

Usisahau makalio. Kiti cha chuma au wavu wa dunguni unakandamiza ujazo wote uliokalia. Kipande cha godoro la sponji ngumu, ile isiyonyonya maji, unene wa sentimita 2, kinafanya kazi ambayo suruali ya bei haiwezi kuifanya.

Unasikia baridi upepo ukivuma tu

Shida hii hupatikana sana kwenye flisi nzuri, laini, isiyo na kelele. Flisi tupu ni sawa na kikapu: inashika hewa mpaka upepo uje kuifagia. Kwa nyuzi -10, upepo wa kilomita 30 kwa saa unaufanya uso ulio wazi upoe kama vile ni nyuzi -20 bila upepo, na juu ya dungu upepo ni mkali kuliko chini.

Dukani, weka kitambaa mdomoni, kibane kwa midomo yote miwili, kisha puliza kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili kirahisi, nguo hiyo ni ya tabaka la kati, hata kama muuzaji anaiita koti. Inayofaa nje ina utando wa kuzuia upepo ulioshonewa katikati ya kitambaa cha nje na bitana. Puliza pia kwenye mshono wa bega na kando ya zipu. Zipu isiyo na kipande cha kitambaa nyuma yake ni dirisha lililoachwa wazi kifuani.

Kagua mikono na pindo la chini. Mkono uwe na kifungio cha ndani kinachobana kifundo cha mkono, pindo liwe na kamba ya kukaza. Shingoni, skafu ya mviringo ya sufu inafanya kazi kubwa kuliko kola ndefu, maana kola ndefu inakupigia kelele kidevuni kila ukigeuza kichwa.

Vidole vya miguu vinakufa ganzi, mwili una joto

Kwa miguu, tazama kwanza kama buti inabana. Mtu anavaa soksi tatu, anafunga kamba kwa nguvu, damu haipiti vizuri, halafu anashangaa. Soksi moja nyembamba ya kunyonya jasho na moja nene ya sufu, basi. Vidole viweze kucheza ndani ya buti. Ukivaa hizo soksi mbili na vidole visicheze, buti ni ndogo.

Buti za uwindaji huandikwa gramu za ujazo: 400, 800, 1,000, 1,200 na zaidi. Namba hiyo ni uzito wa ujazo kwa mita ya mraba, haikuambii buti itakaa na joto nyuzi ngapi. Buti ya 1,200 ukitembea nayo kilomita moja, mguu unatoka jasho, na jasho hilo linarudi kukusalimia saa moja baadaye. Wanaotembea mbali hutembea na buti nyepesi za 400 na kubeba vifuniko vya juu vyenye ujazo vya kuvisha buti nzima wakishakaa. Au hununua buti zenye bitana ya sufu inayotoka, wakawa na bitana mbili: moja inavaliwa, nyingine inakauka nyumbani.

Vifuko vya joto vya kutikisa vina unga wa chuma, unaopata moto kwa kushika kutu, na kutu inahitaji hewa. Kifuko cha mkononi ukikitia ndani ya buti iliyofungwa kinazimika. Viko vya vidole vilivyotengenezwa kwa sehemu yenye hewa haba. Nunua hivyo, uvibandike juu ya soksi, upande wa juu wa vidole. Kifuko kilichokuwa kigumu kama biskuti kabla hujafungua pakiti kimekwisha kazi.

Mikono ni jambo fupi: glavu nene zinaharibu kushika mshale au kidhibiti cha bunduki. Vaa glavu nyembamba za sufu, na mikono ikae kwenye mfuko wa kifuani wa kupitisha mikono yote miwili, kifuko kimoja cha joto kikiwa ndani.

Koti linakwaruza

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nguo iliyokuwa kimya dukani, kwenye nyuzi 21, inageuka gazeti kwenye nyuzi -10. Kitambaa laminifu, yaani kilichobandikwa utando wa kuzuia maji, hukakamaa kwa baridi. Uso wa nailoni laini hulia kila ukiinua mkono. Asubuhi isiyo na upepo, mlio huo unamfikia kulungu aliye mita 30 bila shida yoyote.

Jaribio la kwanza: pitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kitambaa, haraka, karibu na sikio. Uso uliokwanguliwa ukawa na manyoyamanyoya hutoa sauti ya chini, nzito, kama kuparuza blanketi. Uso wa nailoni hutoa mlio mwembamba wenye ncha. Huo mwembamba ndio unaosafiri.

Jaribio la pili lifanyie nyumbani kabla siku za kurudisha bidhaa hazijaisha. Kunja koti, litie mfuko wa plastiki, lilaze kwenye friza usiku kucha. Friza ya kawaida ina nyuzi -18 hivi. Asubuhi litoe, livae mara moja, na ndani ya dakika mbili za kwanza fanya zile harakati zote: inua mkono, geuza shingo, piga goti, vuta upinde. Mwenzio akae upande wa pili wa sebule akiwa amekupa mgongo, anyooshe kidole kila akisikia kitu. Familia itacheka, acha icheke. Koti likipita hapo, limepita.

Kelele nyingine zinatoka kwenye vitu vidogo. Velkro ya mfuko wa simu ina sauti ya kupasua shuka. Ifungue na uiache wazi kabla ya kupanda, au mpe fundi cherehani aitoe na kushona kifungo cha kitufe. Vishikio vya chuma vya zipu vinagongana. Vitoe ufunge kamba fupi ya sentimita 4, ambayo pia utaishika ukiwa na glavu. Vifungo vya mikanda ya ovaroli vikigonga kiti, vizungushie utepe wa kitambaa.

Sufu nzito ndiyo kitambaa kimya kuliko vyote, na suruali za sufu za majeshi ya Ulaya hupatikana kwenye maduka ya mitumba na ya bidhaa za jeshi kwa bei ya chini. Hazina mabaka, rangi ni kijivu au kijani kibichi cha giza, na kwa mtu aliyekaa mtini zinatosha kabisa. Ubaya wake: nzito, na zikinyeshewa zinakuwa nzito zaidi.

Kulungu anasimama, anakukazia macho, anapiga mguu chini

Kabla hujalaumu mabaka, jua anaona nini. Kulungu ana aina mbili za seli za rangi machoni, sisi tatu. Utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Georgia miaka ya 1990 ulionyesha seli zake zinaona vizuri zaidi kwenye bluu, karibu nanomita 450, na kwenye kijani cha manjano, karibu nanomita 540. Nyekundu na chungwa hazitofautishi na kijani au kahawia kama sisi. Ukali wa macho yake ni mdogo kuliko wetu, majani yaliyochapwa kwa ustadi mkubwa hayaoni kama majani. Lakini kwenye mwanga hafifu wa alfajiri anatupita mbali, macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa yakiona karibu pande zote, na kitu kinachotikisika hakimponyoki.

Kwa hiyo, akikukazia macho, pitia haya kwa mpangilio huu.

Umejitikisa? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na chanzo ni baridi, rudi juu.

Uko dhidi ya anga? Mwezi Novemba mialoni na mipopla imepukutika. Hakuna mabaka yanayomficha mtu aliyechoreka kwenye anga nyeupe. Hamisha dungu kwenye mti wenye matawi nyuma yake, msonobari ukipatikana, au mti wenye mashina mawili matatu.

Nguo zako zimegeuka donge jeusi? Mabaka madogomadogo ya rangi za giza, yakitazamwa kwa mbali, yanaungana. Mwombe mtu akupige picha kwa simu kutoka mita 30 ukiwa dunguni, kisha aigeuze kuwa nyeusi na nyeupe na kuipunguza mpaka iwe saizi ya stempu. Ukionekana kama nyani mmoja mweusi mtini, mabaka hayafanyi kazi. Yanayofaa yana sehemu kubwa za mwanga na giza zinazokata umbo la mabega na kifua, na ndani yake vidoa vidogo. Wazo hilo si la wachora majani. Wabunifu wa Optifade, chapa ya mabaka ya kuwindia, walimtumia Timothy O'Neill, aliyelifanyia kazi jeshi la Marekani miaka ya 1970 juu ya mabaka ya vimraba, pamoja na Jay Neitz, mtaalamu wa uoni wa wanyama. Kwa misitu ya Novemba chagua kijivu, hudhurungi na rangi ya nyasi kavu. Kombati ya kijani ya Mei inakuwa doa.

Nguo inang'aa bluu? Sabuni nyingi za unga na za maji zina dawa ya kung'arisha: inanyonya mionzi ya urujuani isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa bluu, yaani rangi ileile kulungu anayoiona vizuri. Zima taa, mulika nguo kwa taa ya kukagulia noti bandia, ile ya dukani. Ikiwaka bluu-nyeupe, imeathirika. Nguo nyingine hutoka kiwandani zikiwa hivyo, kwa hiyo nenda na kitaa chako dukani. Kuifua mara kadhaa kwa sabuni isiyo na ving'arisho hupunguza kiasi fulani. Zipo pia dawa za kuzima mng'ao huo. Dawa ya kulainisha nguo usitumie hata mara moja, inaziba nyuzi zisinyonye jasho.

Mwisho, uso. Baridi inatulazimisha kupaka mafuta, na ngozi yoyote iliyopakwa mafuta inang'aa jua likichomoza. Boshori au kitambaa chembamba cha uso kinamaliza shida. Mafuta yenyewe yasiwe na manukato.

Mabega yanalowa ingawa koti limeandikwa halipitishi maji

Mimina kijiko cha maji begani. Yakiviringika kama shanga, dawa ya juu ya kufukuza maji bado ipo. Yakitandaa na kitambaa kugeuka cheusi, dawa imekwisha: utando wa ndani huenda mzima, lakini kitambaa kilicholowa kinazuia mvuke wako usitoke, unalowa kwa jasho ukidhani ni mvua. Fua koti kwa sabuni ya maji isiyo na manukato, suuza mara mbili, kisha kama lebo inaruhusu lizungushe kwenye kikaushio kwa moto mdogo dakika 20. Joto huamsha dawa iliyolala. Likikataa, puliza dawa mpya. Ukiona bitana inabanduka vipandevipande kama ngozi iliyoungua jua, utando umekufa, hakuna tiba.

Mshale unakwenda kushoto kila ukivaa koti, ilhali uwanjani unapiga katikati

Uzi wa upinde unagusa mkono wa koti au mfuko wa kifuani. Funga kinga ya mkono juu ya koti, siyo chini yake, na fanya mazoezi ukiwa umevaa nguo zote za baridi angalau mara mbili kabla ya msimu.

Mkanda wa usalama nao unahusika na nguo. Ukiuvaa chini ya koti, koti liwe na tundu la mgongoni la kupitisha kamba. Ukiuvaa juu, usilegeze eti usikandamize ujazo. Fuata maelekezo ya mtengenezaji, na ufunge kamba kabla miguu haijaondoka ardhini.

Mnyama anakimbia kabla hujamwona

Hiyo ni pua yake, na hakuna koti linaloishinda. Kaa upande ambao upepo unatoka kwake kuja kwako. Nguo zisitundikwe karibu na jiko. Koti lililokaa wiki nzima kwenye korido inayokaangiwa samaki na vitunguu linatangaza karamu msitu mzima. Ziweke kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko, zikiwa kavu, na buti za kuwindia zisikanyage kituo cha mafuta.

Askari wa wanyamapori amekuandikia faini

Msimu wa bunduki, mabaka pekee hayakubaliki. Minnesota, kofia na nguo ya nje juu ya kiuno, ukiacha mikono na glavu, lazima ziwe za rangi ya chungwa au waridi inayowaka. Mabaka ya chungwa yanaruhusiwa ikiwa angalau nusu ya kila futi ya mraba ni rangi hiyo. Wisconsin inataka angalau nusu ya nguo ya nje juu ya kiuno, na kofia ukiivaa iwe angalau nusu. Waridi iliongezwa mwaka 2016. Maine, waliko Wakongo wengi, msimu wa bunduki inadai vipande viwili: kofia, na nguo inayofunika sehemu kubwa ya kiwiliwili. Mwenye upinde naye hasalimiki msimu wa bunduki ukiwa umefunguliwa, kwa hiyo soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huo, maana hubadilika.

Wanaoogopa kuonekana wakumbuke yale macho ya rangi mbili: chungwa kwa kulungu ni rangi iliyofifia tu, ila kwa mwindaji mwenzio ni taa. Kizibao kilichochujuka kwa jua na kuwa rangi ya embe bovu kibadilishe. Na usitoe kitambaa cheupe cha kupenga kamasi ukiwa msituni. Mkia wa kulungu nao ni mweupe.

Kizibao hicho kiwe kipana, kivaliwe juu ya koti nene kabisa ulilonalo. Kikibana, tumerudi kwenye shida ya hewa iliyokandamizwa.

Nguo zimekamatwa uwanja wa ndege

Hii huwapata wanaokwenda likizo nyumbani. Uganda, Kenya na Tanzania, raia kuvaa au kumiliki nguo zinazofanana na za jeshi ni kosa. Uganda wanatumia sheria ya jeshi lao, UPDF, ya mwaka 2005. Tanzania, Agosti 2023, jeshi la nchi, JWTZ, liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya namna hiyo. Kumweleza askari kwamba haya ni majani ya mwaloni wa Minnesota na siyo sare hakukusaidii, na Kenya uwindaji wenyewe umepigwa marufuku tangu 1977. Angalia hasa vitu vidogo vilivyosahaulika ndani ya begi la msimu uliopita: boshori, glavu, mkoba, kifuko cha chupa ya maji. Vitoe vyote kabla hujaenda kupima uzito wa begi.